Kuirudisha Spitfire angani: mambo ambayo karakana hufundisha

Mabaki ya Spitfire, ndege ya kivita ya Uingereza ya Vita Vikuu vya Pili, yakishushwa kwenye lori, mara nyingi hakuna ndege ya kuonekana. Kuna kipande cha mkia, fremu mbili tatu zilizopinda, mguu mmoja wa tairi, injini iliyojaa mchanga, na kibati chenye namba ya kiwandani. Kibati hicho kina thamani kuliko vyote, kwa sababu ndicho kianzio cha kuieleza mamlaka ya usafiri wa anga ya Uingereza, CAA, kwamba ndege itakayotoka karakanani ni ileile iliyoingia vitani na si nakala. Spitfire P9374 ilitua kwa dharura ufukweni karibu na Calais Mei 1940, ikamezwa na mchanga, ikajitokeza tena 1980, na ikaruka upya katika uwanja wa Duxford, Uingereza, mwaka 2011. Mwaka 2015 iliuzwa mnadani London kwa zaidi ya pauni milioni 3. Ukiuliza ni kiasi gani cha chuma cha 1940 kilichopaa nayo siku ile, jibu ni kidogo sana.

Wapo wanaokasirika wakisikia hivyo, wakasema basi hiyo ni ndege mpya iliyopewa jina la marehemu. Aliyewahi kushika nyundo na tindo kwenye mabaki haya haoni hivyo. Duralumini, aloi ngumu ya alumini, iliyolala ardhini au kwenye chumvi huliwa kwa ndani, kwenye mipaka ya chembe zake, huku juu ikiendelea kung'aa. Ukiikunja kidogo inaachana matabaka kama chapati ya kusukuma. Hakuna mkaguzi atakayelitia saini bamba la namna hiyo, wala rubani mwenye akili zake atakayelikalia kwa kilomita 500 kwa saa.

Maelezo haya yanahusu zaidi Mk IX, toleo lenye injini ya Merlin 66, maana ndilo linalopita sana kwenye karakana za kusini mwa Uingereza. Hurricane, ndege nyingine ya kivita ya Uingereza, zile ambazo Jeshi la Anga la Afrika Kusini lilizirusha kutoka Kenya dhidi ya Waitalia 1940 na 1941, ni kazi nyingine kabisa: mabomba ya chuma, mbao na kitambaa. Anayetoka kwenye Hurricane akaingia kwenye Spitfire hujifunza upya.

Kabla ya kukata chochote, kila kipande hupigwa picha, hupewa lebo na kupimwa. Hata kile kilichooza hakitupwi mapema. Bado kinaonyesha tundu liko wapi, kona imepindwa kwa nyuzi ngapi, na fundi wa kiwandani alianzia kupiga ribiti upande upi. Michoro ya Supermarine, kampuni iliyoitengeneza Spitfire, ipo, imehifadhiwa kwa filamu ndogo kwenye makumbusho ya RAF, jeshi la anga la Uingereza, huko Hendon. Shida ni kwamba wakati wa vita marekebisho yalikuwa yanaingia kila mara, na mchoro wa mwanzo hauendani na ndege iliyotoka kiwandani miaka miwili baadaye. Mchoro ukisema hivi na kipande kikasema vile, tafuta karatasi ya marekebisho kwanza, halafu ndiyo ushike msumeno. Wanaoharakisha hapa huishia na fremu nzuri sana ya ndege nyingine.

Kuna sumu mbili za kuondolewa mwanzoni kabisa. Ya kwanza ni rangi ya radiamu kwenye saa na geji za chumba cha rubani, ile iliyowekwa ili mishale ing'ae gizani. Mng'ao umekwisha siku nyingi, mionzi bado ipo, na rangi yenyewe imekuwa unga. Geji hizo hazifunguliwi mezani wala hazipulizwi vumbi. Hupimwa kwa kifaa cha mionzi, hufungwa kwenye mfuko na kupelekwa kwa mwenye kibali cha kuzisafisha. Ya pili ni asbesto iliyobanwa katikati ya mabamba ya ukuta wa moto, nyuma ya injini. Ukuta mpya huwekewa kitambaa cha kauri kinachostahimili moto.

Ukuta huo wa moto ndio fremu namba 5, na Spitfire yote inaning'inia hapo. Mbele yake inafungwa fremu ya kubebea injini, pembeni yake vinatoka visiki vya boriti vinavyopokea mabawa, nyuma yake inaanza bodi yenye fremu zinazokwenda hadi namba 19 ambapo mkia unafungwa. Bodi hujengwa ndani ya jigi, kiunzi cha chuma cha kushikilia kazi isisogee, iliyofungwa sakafuni kwa bolti, na fremu 5 ndiyo inayowekwa kwanza. Pima maji na timazi bado vina kazi, ingawa siku hizi leza inasaidia. Kila bawa linashikwa na bolti saba kwenye boriti kuu na moja nyuma. Tundu la bolti likikosea milimita moja pale kwenye kisiki, ncha ya bawa, mita tano kutoka hapo, inakuwa imehama sentimita nzima au zaidi. Hutaona kosa hilo kwa macho. Rubani atalisikia kwenye fimbo, ndege ikivutia upande mmoja tangu dakika ya kwanza, na wakati huo ngozi yote imeshapigwa ribiti na kupakwa rangi. Ndiyo maana fremu 5 inaweza kukaa kwenye jigi wiki kadhaa ikipimwa na watu tofauti kabla ya kipande cha pili kuguswa.

Boriti kuu ya bawa ni ubunifu wa R. J. Mitchell, mbunifu mkuu wa Supermarine, na wenzake unaostahili heshima, na pia unaosumbua kuliko kitu kingine chochote. Ina nguzo mbili, ya juu na ya chini, zilizounganishwa na bamba la kati. Kila nguzo ni mabomba matano ya mraba yaliyoingizwa moja ndani ya jingine, yote yakiwepo kwenye shina la bawa, kisha yanakoma moja baada ya jingine kuelekea nchani kadiri mzigo unavyopungua. Inabeba mzigo mkubwa kwa uzito mdogo. Lakini maji yakishapenya kati ya bomba na bomba hayatoki, na kutu inayoanza humo haionekani kwa tochi wala kwa kioo. Boriti ya zamani, hata iliyokaa kwenye jumba la makumbusho bila kunyeshewa, haiaminiki mpaka ivuliwe bomba moja moja, na ikishavuliwa mara nyingi hairudi. Karibu kila Spitfire inayorushwa leo inaruka kwa boriti mpya.

Mbele ya boriti, bamba nene la ukingo wa mbele linafanya sanduku lenye umbo la herufi D, na sanduku hilo ndilo linalozuia bawa kujisokota. Nyuma ya boriti bamba ni jembamba. Bawa lenyewe limesokotwa kwa makusudi: pembe yake kwenye shina ni nyuzi 2 juu, kwenye ncha ni nusu nyuzi chini, ili shina lianze kupoteza mwinuko kabla ya ncha na eleroni, vibawa vya kulaza ndege kushoto na kulia, zibaki na kazi. Jigi ya bawa lazima ishike msokoto huo muda wote wa kupiga ribiti, kwa sababu sanduku la D likishafungwa hakuna nguvu ya mkono itakayolirekebisha.

Mabamba yaliyopinda pande mbili, kama yale ya kwenye maungio ya bawa na bodi, hayatengenezwi yakiwa magumu. Alumini hukatwa ikiwa laini, hugongwa juu ya umbo la mbao au kupitishwa kwenye gurudumu la kulainisha mikunjo, kisha huingizwa tanurini kwa takriban digrii 495 za selsiasi na kutumbukizwa majini ndani ya sekunde chache. Ikitoka majini imejipinda kidogo, na bado ni laini kwa saa moja au mbili; huo ndio muda wa kuinyoosha. Baada ya siku nne hivi imefikia ugumu wake. Tanuri likizidi digrii kumi tu, chembe za aloi zinaanza kuyeyuka mipakani na bamba limekufa, ingawa linaonekana zima. Likipungua, bamba halifiki ugumu unaotakiwa. Kwa hiyo kila mzigo wa tanuri una grafu yake ya joto, na grafu inawekwa kwenye faili pamoja na cheti cha metali. Bamba lisilo na cheti hutengenezea kiolezo, halitengenezi ndege.

Sasa ribiti. Nyingi za zile za zamani zilikuwa za alumini yenye magnesiamu, na kwa umri zinachakaa hata kama bamba lililo chini yake ni zima. Ukiigusa kwa ncha ya bisibisi, kichwa kinaruka chenyewe na kuacha unga wa kijivu tunduni. Hilo peke yake linatosha kueleza kwa nini ndege iliyotoka makumbusho ikiwa kamili haiwezi kujazwa mafuta na kurushwa.

Kupiga ribiti mpya ni kazi ya watu wawili. Mmoja yuko nje na nyundo ya hewa, mwingine yuko ndani ya bodi akiwa amejikunja, ameshika kipande cha chuma kizito dhidi ya mkia wa ribiti. Kwa ribiti ya milimita 3.2, tundu linatobolewa dogo kwanza, mabamba yanashikwa na pini za muda kila baada ya matundu machache, kisha tundu linapanuliwa kufikia takriban milimita 3.26. Baada ya hapo mabamba yanaachanishwa tena, yote, ili kusafisha makali ya ndani ya kila tundu. Wanafunzi huchukia hatua hii. Lakini kimeno kidogo cha alumini kikibaki katikati, bamba mbili hazikutani, ribiti inavimba kwenye mwanya huo badala ya kuvimba nje, na ungio linaanza kucheza baada ya safari chache. Dalili yake ni michirizi myeusi inayotoka kwenye kichwa cha ribiti kuelekea nyuma. Mafundi huiita ribiti inayovuta sigara.

Mkia wa ribiti hiyo unatakiwa utokeze karibu milimita 4.8 kabla ya kupigwa. Ukishapigwa uwe na upana wa karibu milimita 4.8 na kimo cha 1.6. Ukipigwa kidogo ungio ni legevu. Ukipigwa sana mkia unapasuka pembeni na bamba linavimba kuzunguka tundu. Anayeshika chuma ndani anahisi kwa kiganja kabla hajaona: mlio unabadilika, mtikisiko unakuwa mkavu, naye anagonga mara moja kumwambia wa nje aache. Wawili waliozoeana hawaongei kabisa. Wakibadilishwa katikati ya bamba, ubora unashuka na hata mkaguzi anaiona mistari ilipobadilikia.

Ribiti za duralumini zenyewe zinapitia tanuri ileile kabla ya matumizi, na zikitoka majini zinaanza kukakamaa. Una takriban saa mbili. Zilizobaki hurudi kwenye friza, ambako baridi hulisimamisha hilo kwa siku kadhaa. Kwa hiyo kwenye karakana yoyote ya maana utakuta friza iliyojaa vikopo vyenye tarehe na saa. Ribiti iliyopitwa na muda ikipigwa, kichwa hupasuka nyufa ndogo ambazo zinahitaji lenzi kuonekana.

Vichwa bapa ni vya lazima kwenye bawa, hasa ukingo wa mbele. Supermarine walilijaribu hili kwa njia ya ajabu: walibandika njegere kavu zilizopasuliwa nusu juu ya ribiti bapa, wakarusha ndege, kisha wakawa wanazibandua safu baada ya safu na kupima kasi. Ndivyo walivyojua wapi kichwa cha mviringo kinagharimu kasi na wapi hakina neno. Anayerejesha ndege leo hana uhuru wa kuboresha hapo. Kila toleo lina ramani yake ya ribiti na ramani hiyo hufuatwa.

Popote chuma kinapokutana na alumini, katikati hupakwa uji mzito wa kuzuia kutu, ule wa njano wenye kromati, na bolti huingizwa ikiwa imelowa. Kromati ni sumu, glovu si hiari. Halafu kuna vitundu vya kutolea maji chini ya bodi na chini ya mabawa. Ni vidogo, na fundi wa rangi huvisahau. Ndege mpya kabisa, yenye vitundu vilivyozibwa na rangi, inaanza kuoza siku ya mvua ya kwanza.

Jambo jingine linalouma watu wa nje ya Uingereza ni meno ya bolti. Spitfire na Merlin zote zinatumia BSF, BA na Whitworth, vipimo vya zamani vya meno vya Kiingereza, na Packard wa Marekani walipotengeneza Merlin huko Detroit walibaki na vipimo hivyohivyo vya Kiingereza. Bolti ya 2BA ina kipenyo cha inchi 0.185 na meno 31.4 kwa inchi. Ile ya Kimarekani ya 10-32 ina inchi 0.190 na meno 32. Nati ya moja inaingia kwenye nyingine mizunguko miwili mitatu, inakaza vizuri, na mtu anaridhika. Kumbe meno yameshaumia. Dawa ni moja tu: sanduku za bolti za Kimarekani hazikai chumba kimoja na ndege hii.

Mfumo wa hewa na haidroliki hauhitaji maneno mengi. Breki na flapu, vibawa vinavyoshushwa wakati wa kutua, zinaendeshwa kwa hewa ya shinikizo la psi 300 (pauni kwa inchi ya mraba) inayojazwa na kompresa ndogo ya injini. Flapu zina hali mbili tu, zimepanda au zimeshuka nyuzi 85. Magurudumu hupanda kwa haidroliki. Siili zote za mpira, mabomba yote laini, vyote hutupwa na kufungwa vipya. Ndege huinuliwa kwenye jeki na miguu hupandishwa na kushushwa tena na tena, huku mtu amelala chini akitazama kama kifuniko kinagusa bawa na kama kufuli ya juu inaingia kwa sauti ileile kila mara. Mguu mmoja ukichelewa kuliko mwenzake, kwa kawaida hewa imebaki kwenye bomba. Ukichelewa baada ya hewa kutolewa, tazama kama bushi za egemeo lake zimekazana kupita kiasi.

Merlin huenda kwa mafundi wake peke yao, na ni vizuri iwe hivyo. Silinda 12 kwa umbo la V, lita 27, valvu 48, plagi 24, magneto mbili za kutoa cheche. Ovaholi inaanza kwa kuvua kila kitu mpaka kifuko cha kranki kiwe tupu, kisha kuosha na kutafuta nyufa: vya chuma hupimwa kwa sumaku na unga unaong'aa kwenye taa ya zambarau, vya alumini kwa rangi ya kupenya. Kranki yenye ufa hata wa unywele haina matengenezo. Kiunzi cha magnesiamu, pale kilipotumika, hasa kwenye injini iliyozama majini, kinaweza kuwa kimebaki chaki.

Mahali Merlin inapowatesa watu ni kwenye maji ya kupoza. Silivu za silinda zinazungukwa na maji moja kwa moja, na kila ungio kati ya kichwa, bloku na silivu ni mlango wa uvujaji. Bloku hujazwa maji ya moto yenye shinikizo na kuachwa, maana kuna nyufa zinazofunguka kwa joto tu. Kipimo cha maji baridi kinaweza kukupa bloku "nzima" itakayovuja siku ya kwanza hewani. Maji ya kazi yenyewe ni glaikoli asilimia 30 na maji asilimia 70, na maji hayo si ya bomba. Ukiona mvuke mweupe mtamu kwenye moja ya mabomba ya moshi baada ya injini kupoa na kuwashwa tena, usitafute sababu nyingine.

Kamshafti ni sehemu ya pili. Oili inaifikia mwisho, na injini iliyokaa miezi bila kuwashwa inaachia sehemu za juu zikauke. Vidole vinavyosukuma valvu huanza kukwaruzwa dakika za mwanzo, kabla ya oili kupanda. Ndiyo maana injini mpya haiwashwi hivihivi. Plagi za upande mmoja hutolewa, pampu ya nje husukuma oili ya moto mpaka ionekane inatiririka kwenye kamshafti zote mbili, propela huzungushwa kwa mkono ili kuhakikisha hakuna silinda iliyojaa oili, halafu ndiyo plagi zirudi. Silinda yenye oili ikipigwa na stata hupinda konrodi, na konrodi iliyopinda inaweza kusubiri saa kumi ndipo ikatike.

Propela ya Mk IX ina makafi manne ya mbao zilizobanwa kwa gundi na joto, na mengi ya yanayoruka leo yametengenezwa upya Ujerumani. Gia inaipunguzia kasi kwa uwiano wa 0.477, kwa hiyo injini ikiwa mizunguko 3,000 kwa dakika propela iko 1,431. Mbao ikigusa ardhi inapasuka vipande, jambo linaloipunguzia gia mshtuko, lakini haliiepushi na ukaguzi; gia na kranki huvuliwa hata kama ndege ilikuwa inatambaa tu.

Usukani wa mkia unavalishwa kitani cha Ireland. Kitambaa hushonwa kwenye kila ubavu kwa uzi uliopakwa nta, kisha hupakwa dopi inayokivuta kikaze kama ngoma. Dopi nyingi kupita kiasi inapinda mbavu. Na hapa kuna jambo ambalo wapaka rangi wa magari hawalijui: usukani wa mkia, eleveta (kibawa cha mkiani cha kupandisha na kushusha pua) na eleroni zimesawazishwa uzito kuzunguka bawaba zake. Kila koti la rangi liko nyuma ya bawaba. Ukiongeza makoti mawili ya urembo bila kupima upya, umesogeza uzito nyuma, na kwa kasi kubwa kipande hicho kinaweza kuanza kupiga mtetemo unaokivunja kabla rubani hajajua ni nini. Kila kipande kinarudi kwenye mizani baada ya rangi ya mwisho, namba na alama zikiwamo.

Mizani ya ndege nzima ina mtego wake. Spitfire ilibuniwa ikiwa na mizinga, risasi, mabamba ya kinga nyuma ya rubani na redio nzito. Vitu hivyo havimo tena, au vimewekwa vya bandia, na redio ya kisasa inaenea kiganjani. Uzito umepungua, sawa, lakini kitovu cha uzito kimehama. Magurudumu mawili na gurudumu la mkia huwekwa kwenye mizani tatu, ndege ikiwa imesawazishwa kwa pima maji, hesabu inapigwa, na uzito wa madini ya risasi wa kusawazishia hufungwa mahali palipoidhinishwa. Tangi mbili zilizo mbele ya rubani, galoni 48 juu na 37 chini, ziko karibu na kitovu hicho, kwa hiyo mafuta yakiisha hayaivurugi ndege sana.

Siku ya kuwasha injini ikiwa ndani ya ndege, magurudumu huzuiwa kwa vigingi na mkia hufungwa. Kwa nguvu kubwa mkia unainuka wenyewe. Enzi za vita watu walikuwa wanaukalia, na Februari 1945 huko Hibaldstow, Margaret Horton wa kikosi cha wanawake cha RAF alipaa akiwa ameung'ang'ania, rubani hana habari. Ikazunguka, ikatua, naye akashuka mzima. Ndege hiyo, AB910, bado inaruka na kikosi cha kumbukumbu cha RAF. Leo tunatumia kamba.

Subiri oili ifike digrii 15 na maji 40 kabla ya kuongeza nguvu ya injini. Kisha jaribu magneto moja moja. Mizunguko ikishuka zaidi ya 150 kuna plagi chafu au waya mbovu. Baada ya hapo saa inakimbia, kwa sababu Spitfire ardhini haina subira: rejeta ziko chini ya mabawa, mguu wa tairi umesimama mbele ya njia ya hewa, na maji hupanda joto ukiwa bado unatambaa. Rubani anayeijua huhakikisha njia ya kurukia iko wazi kabla hajagusa stata. Pua ni ndefu na haoni mbele, hivyo anatambaa kwa kupinda kushoto na kulia. Magurudumu yako karibu karibu, chini ya mita 1.8, na propela inamvutia kushoto wakati wa kupaa. Hatumii nguvu yote ya enzi za vita pia. Shinikizo la +18, yaani psi 18 za ziada za hewa inayosukumwa ndani ya injini, lilitakiwa na mtu aliyekuwa anafukuzwa, na mafuta ya leo hayalengi hilo.

Safari ya kwanza ni fupi, juu ya uwanja, na orodha ya makosa huja nayo. Linalojitokeza sana ni bawa moja kuwa zito. Kama vipimo vya jigi vilikuwa sahihi, tiba yake ni ileile ya kiwandani: ukingo wa nyuma wa eleroni ya bamba hugongwa kidogo sana, ndege inaruka, inarudi, inagongwa tena. Anayegonga awe mmoja, na aandike kila mara amegonga wapi.

Baada ya saa ya kwanza ya injini, klempu zote za mabomba ya maji hukazwa upya, kwa kuwa mpira mpya umeshakaa, na vichujio vya oili hufunguliwa juu ya kitambaa cheupe. Nyuzi chache za kitani na chembe za gundi ya gasketi ni kawaida. Vumbi laini la kung'aa lisiloshikwa na sumaku linaangaliwa tena baada ya saa mbili. Likiwa limepungua, ni beringi zinajizoesha. Vipande vyenye kona, hata viwili, vikiruka kwenye sumaku, propela inafungwa kamba na injini inashushwa kabla ya chai.